Karibu, Hapa ni Kwako

Nchi hii ina jina, tena zuri, ila halitaandikwa hapa kwa sababu dalali anayelishughulikia bado hajalipwa. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina waziri wa karibu kila kitu, na kwa upande wa nyumba imewaacha mbali wote wanaojidai kuendelea. Kwingineko mtu akitaka kununua nyumba humtafuta mwenye nyumba. Huku ushamba huo ulikomeshwa zamani. Mnunuzi na mwenye nyumba wakikutwa wanazungumza peke yao, bila dalali katikati, wote wawili hupelekwa kituoni kwa kosa la kuelewana.

Madalali wenyewe walianza kama wanavyoanza popote. Walikuwa watu wa kukaa njia panda kwenye benchi, simu mkononi, wakijua nani anahama, nani kafiwa, nani kagombana na mkewe na sasa anatafuta chumba kimoja cha haraka. Serikali ilipowaona wamekaa pale kutwa nzima wakizungumza, ikatambua mara moja kwamba hawa ni wenzake, ikawaajiri. Benchi likapakwa rangi za bendera. Kila dalali akapewa kofia mbili: nyekundu ya kumsemea mwenye nyumba, na kijani ya kumsemea mnunuzi, ili asipatikane mtu wa kuonewa.

Mheshimiwa Waziri wa Makazi na Mahamisho alikuja mwenyewe kuzindua benchi.

"Ndugu wananchi," alisema, "zipo nchi ambako mnunuzi ana dalali wake na mwenye nyumba ana wake, na madalali hao hushindana. Sisi tumekataa mashindano. Sisi ni watu wa umoja. Dalali wetu atakuwa mmoja, mwenye mioyo miwili. Na kwa kuwa anafanya kazi ya watu wawili, itakuwa dhuluma kubwa kumlipa kama mtu mmoja."

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akauliza ni nani hasa atakayelipa. Waziri akamjibu kwa upole kwamba atalipa mnunuzi, kwani mwenye nyumba tayari ana uchungu wa kuachana na nyumba yake, na Serikali hii haina roho mbaya ya kumwongezea uchungu wa pili. Makofi yakapigwa tena, ingawa safari hii waliopiga zaidi walikuwa wamekaa kwenye benchi.

*

Katika nchi hiyo aliishi Kidawa, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mpole, mchapakazi, asiye na kesi na mtu. Alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni chumba kwa ajili ya mama yake.

Mama yake, Bi Msimu, alikuwa akiishi kwa mtoto wake wa kiume, kaka yake Kidawa, na huko alipewa stoo. Alilala pamoja na magunia ya mkaa na baiskeli moja iliyokwisha kukata tamaa. Mkaa haukumsumbua sana. Kilichomuumiza ni kwamba mkwewe alipohitaji mkaa aliingia tu, usiku au mchana, mama wa watu kavaa au hajavaa, bila hata kukohoa mlangoni.

"Mimi sitaki makubwa, mwanangu," alimwambia Kidawa kila alipotembelewa. "Nataka mlango. Mtu aje, apige hodi, mimi niseme karibu. Basi. Mahali wanapoingia bila hodi si chumba, ni kabati."

Bi Msimu alikuwa mtu wa zamani katika mambo hayo. Aliwalea wanawe wakijua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi kwa miguu, inaingiwa kwa neno. Unapiga hodi, unangoja. Usipojibiwa unapiga tena, na tena. Hodi ya tatu ikipita kimya, unageuka unakwenda zako, hata kama mlango uko wazi na unasikia chungu kinachemka ndani. Kidawa alikua akijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Basi Kidawa alidunduliza miaka, na siku aliyoona akiba yake imefika umri wa kuoa nyumba, akaenda kwenye benchi. Akapewa Dalali Kibwana.

Kibwana alikuwa mtu mcheshi, mrefu, mwenye viatu vilivyochoka na maneno yasiyochoka. Kabla hawajapiga hatua alipokea ada ya miguu. Walipofika kwenye nyumba ya kwanza alipokea ada ya macho. Kidawa, kwa kubana matumizi, kwenye nyumba ya pili alifumba macho, akaelezwa kwa heshima kwamba nyumba ya kufikirika ina ada yake na ni kubwa zaidi, kwa sababu akilini nyumba huwa nzuri.

Kuhusu nyumba zenyewe, Kibwana hakusema uongo hata mara moja. Aliyosema iko karibu na barabara, kweli ilikuwa karibu, maana barabara mpya ilikuwa imechorwa ipite sebuleni. Aliyosema ina maji ya uhakika, Kidawa aliyaona maji kwa macho yake, yamefika kwenye swichi ya taa. Mbele ya nyumba ya tatu, ambayo ilikuwa na paa, Kibwana alivua kofia ya kijani akavaa nyekundu.

"Bei yetu ni hiyo, haipungui," alisema kwa ukali.

Akabadili kofia. "Mwonee huruma, ndugu yangu. Huyu dada ana mama mzee."

Akabadili tena. "Nimemwonea huruma, ndiyo maana nimeongeza kidogo tu."

Akarudisha ya kijani, akamgeukia Kidawa kwa masikitiko. "Nimepigana, dada yangu, umeona mwenyewe. Jamaa mgumu."

Kidawa alimshukuru kwa kumpigania, kisha akalipa ada ya mapigano, na nyumba akaiacha, maana bei ilikuwa imempita.

*

Hapa inabidi kueleza sheria, maana bila sheria mtu anaweza kudhani yaliyofuata yalikuwa wizi.

Wenye nyumba wengi walikuwa wakikubali kuuza leo na kukataa kesho. Serikali ikaunda kamati ya wazee wa mila na maprofesa, ikawaweka hotelini msimu mzima wa mvua. Kamati ilitoka ikiwa imenenepa, na ugunduzi wake ukawa huu: mababu zetu hawakuwa na mikataba, walikuwa na neno tu. Kwa hiyo tangu siku hiyo nyumba ingehesabiwa imeuzwa pale dalali anapopiga hodi, mwenye nyumba akajibu karibu, hapa ni kwako, na mnunuzi akasema ahsante, nimekaribia.

"Ni sheria fupi kiasi kwamba hata mtoto mdogo anaijua," alijisifu Waziri. Ni kweli, watoto waliijua tangu kabla haijatungwa.

Sheria ilichapishwa katika gazeti la Serikali. Gazeti la Serikali huuzwa na madalali, hivyo waliolisoma hawakuwa wengi, na Kidawa hakuwa mmoja wao.

Siku waliyokwenda kwa Mzee Kondo, Kibwana alimpa nasaha moja tu njiani. "Dada, huyu ni mtu mzima. Akikukaribisha, jibu kama ulivyolelewa." Kidawa alifurahi kusikia kwamba benchi nalo bado lina watu wenye adabu.

Nyumba ya Mzee Kondo ilikuwa ndogo, safi, ina ua uliofagiliwa na chumba cha kushoto chenye dirisha la kutazama ua. Kidawa alikiona chumba kile kabla hajamwona mzee, na moyo wake ukaingia humo, ukatandika kitanda.

"Hodi," aliita Kibwana.

Mzee Kondo, mgane aliyeishi peke yake na birika lake la kahawa, alitoka mbio akiwa na kandambili moja. "Karibuni, karibuni. Msisimame juani kama wadai. Piteni ndani, hapa ni kwenu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

"Ahsante, baba. Nimekaribia."

Kibwana akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Hongera, dada. Na wewe mzee, hongera. Umeuza."

"Nimeuza nini?"

"Nyumba."

Mzee Kondo alicheka sana. Alikuwa mtu wa utani, na ilikuwa muda mrefu hajapata wageni wa kutaniana nao. Akawamiminia kahawa, akawaletea kashata, akawa anacheka peke yake na kurudia, "Eti nimeuza nyumba." Ilimchukua kitambo kugundua kwamba wenzake hawacheki. Ndipo akalishika birika kwa mikono miwili.

Kidawa alimvuta Kibwana pembeni. "Kaka, huyu mzee hakuwa anauza."

"Dada yangu, katika nchi hii hakuna asiyeuza. Kuna ambaye hajapigiwa hodi."

"Na mimi nikikataa?"

"Kataa, ni haki yako. Ila udalali wa pande zote mbili umeshaiva, na nyumba ambayo udalali wake haukulipwa hukaa kwa dalali. Mzee atatoka, ukubali ukatae. Tofauti ni nani ataingia."

Kidawa alimtazama mzee. Kisha akakitazama chumba cha kushoto, akamwona mama yake amelala kati ya magunia na mlango unasukumwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyopanda mpaka masikioni. Lakini hakusema neno, na katika nchi ile kunyamaza kwa mnunuzi kuliitwa busara.

Akiba yake yote ikawa bei ya nyumba. Ilipita mikononi mwa Kibwana kutoka kofia ya kijani kwenda kofia nyekundu, na kila ilipovuka ilikonda, hata ilipomfikia Mzee Kondo ilitosha magunia matupu machache na kamba ya kuyafungia. Udalali ulikuwa bado, kwa hiyo Kidawa alitoa cherehani.

Mzee alitoka na kiti kimoja na birika. Mlangoni aligeuka, maana hata aliyefukuzwa huaga. "Haya, kwaherini."

Mdomo wa Kidawa ukafunguka wenyewe kusema karibu tena. Kibwana akamwekea kidole mbele ya midomo.

"Usije ukajaribu. Utaanza upya, na cherehani huna."

*

Mzee Kondo hakwenda mbali. Aliyafunga magunia yake kwenye ukuta uliokuwa ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wake wa zamani, akaweka kiti mbele, akaendelea kuwasalimu wapita njia. Asubuhi alikuja kuomba maji. "Hodi, mwanangu." Kidawa aliisukuma ndoo kwa mguu, ikapita chini ya pazia. "Ahsante, Mungu akuzidishie," alisema mzee, na dua ile ilimfuata Kidawa kutwa nzima.

Kwa wakati huo sheria ilikuwa imeshaanza kuzaa matunda. Mama mmoja wa mkahawa alimkaribisha mteja chai, jioni akawa mhudumu wa mteja. Bwana mmoja aliwaambia wageni wa harusi wajisikie wako kwao, nao wakajisikia. Watu wakajifunza. Maneno ya ukaribisho yakafutwa kwenye vibao vya maduka. Kadi za harusi zikaandikwa, "Mnaarifiwa kwamba kutakuwa na harusi." Mtu akipitiwa na jirani wakati anakula, aligeukia ukutani akatafuna haraka. Hata lile bango kubwa la uwanja wa ndege liliteremshwa, baada ya mgeni mmoja kutoka mbali kushuka na dalali wake, akalisoma kwa sauti, na akajibu. Inasemekana mazungumzo bado yanaendelea.

Waziri aliona ujanja huo wa wananchi akasikitika. Akaleta marekebisho. Tangu sasa maneno yote yenye maana ile yatahesabika, na pia kuita kwa mkono, kutabasamu mlangoni, na kumsogezea mtu kiti. Tena hakuna mgeni atakayekwenda kwenye nyumba ya mtu bila kusindikizwa na dalali.

"Kwa sababu mgeni ni nani?" aliuliza Waziri kwenye redio, akatulia kidogo ili taifa lifikiri. "Mgeni ni mnunuzi ambaye bado hajajijua."

Kidawa aliisikiliza hotuba ile akiwa amesimama katika chumba cha kushoto. Kitanda kilikuwa tayari, na shuka jipya, na kigoda cha kuwekea kikombe. Alimfuata Kibwana kwenye benchi.

"Kaka, mama yangu anakuja. Siku hiyo jifanye husikii."

"Ningependa, dada. Lakini masikio haya si yangu tena, ni ya Serikali."

"Basi nikimkaribisha itakuwaje?"

"Nyumba itakuwa yake. Jambo jema, mtoto kumpa mama nyumba. Ila udalali wa pande mbili hulipwa palepale. Atalipa na nini?"

Kidawa akamtumia mama yake ujumbe kupitia kwa kaka: aje, mlango atauacha wazi, apite moja kwa moja mpaka chumba cha kushoto, na tafadhali asipige hodi. Jibu lilirudi kwamba Bi Msimu amecheka, na anauliza kama Kidawa ana homa.

*

Alikuja alasiri. Kanga mpya, furushi la nguo kwapani, uso umeoshwa mkaa wote. Mbele yake alitembea Kibwana, kofia ya kijani kichwani na nyekundu mfukoni.

Mlango ulikuwa wazi kama ulivyoahidiwa. Pazia tu ndilo lililoning'inia, na nyuma ya pazia alisimama Kidawa, mikono miwili mdomoni.

"Hodi," aliita Bi Msimu.

Kimya.

"Ingia tu, mama," alisema Kibwana. "Mlango si huo wazi?"

"Mlango hauna ulimi, baba. Nimekuja kwa mwanangu, sikuja kwa mlango." Akaita tena, kwa sauti ya furaha. "Hodi, wenyewe."

Kidawa alitafuta neno ambalo kamati haijalifikia. Alilipata moja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Msimu akatabasamu, akalisogeza furushi kwapani, akangoja neno linalofuata shikamoo. Halikuja. "Kidawa. Naiona miguu yako."

Ilikuwa kweli. Pazia lilikuwa fupi. Kidawa aliitazama miguu yake mwenyewe na hakujua aipeleke wapi. Angetoka nje ampokee mzigo, lakini uso wake angeufanya nini usitabasamu? Angemshika mkono amvute ndani, lakini macho ya Kibwana yalikuwa juu ya ile mikono. Alimpenda mama yake kuliko nyumba, hilo alilijua. Ila nyumba ndiyo iliyokuwa ya kumfanya mama yake asirudi kwenye mkaa, na alipojaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili hayakutengana, naye akabaki amebana midomo na machozi yanamtoka.

Bi Msimu aliacha kutabasamu. Hakukasirika. Alisimama akaitazama miguu ile muda mrefu, miguu aliyoifundisha kutembea.

"Mke wa kaka yako huingia nilipo bila hodi," alisema polepole. "Nilidhani hakuna linaloshinda hilo kwa kuuma."

Akaita hodi ya tatu. Aliiita kwa adabu, si kwa nguvu, kama anayempa mtu nafasi ya mwisho ya kutafuta ufunguo. Kisha akageuka.

Ng'ambo ya njia Mzee Kondo alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. "Dada, usisimame juani kama mdai. Karibu. Hapa ni kwako."

"Ahsante, kaka," alisema Bi Msimu, akavuka njia. "Nimekaribia."

Kibwana aliyekwisha kuanza kuondoka alisimama. Akatoa kofia nyekundu mfukoni, akavua ya kijani kichwani, akazitazama zote mbili. Kazi ni kazi. Akaenda mpaka kwenye magunia, na kwa kuwa utaratibu lazima ufuatwe, akapiga hodi.

Kwa sheria kibanda kile cha magunia kilikuwa cha Bi Msimu, naye ndiye aliyekuwa mwenyeji sasa. Aliketi vizuri, akazishika pindo za kanga yake, uso ukamchangamka. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mingi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu sana."

Kibwana alichukua kiti kwa udalali wa kofia nyekundu, na birika kwa udalali wa kofia ya kijani, akaaga vizuri akaenda zake. Wazee wale wawili wakaketi chini, wakaanza kuulizana habari za huko watokako.

Kidawa alisubiri mpaka mgongo wa Kibwana ulipopotea kwenye kona. Akaingia chumba cha kushoto, akachungulia dirishani mara mbili, akafunga. Akalinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi.

"Karibu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni kwako."